Mwangalie Asiyeweza Kulalamika

Hotuba kwa familia zinazolea wazee, Malindi

Assalamu aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamoo. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa, mimi muuguzi, nizungumzie jinsi ya kuijua nyumba ya wazee iliyo njema. Swali hili hunifuata kila ninapopita, sokoni, msibani, hata ndani ya tuktuk: "Sista, kuna nyumba tumeiona, tumpeleke mama?" Nami huuliza, mmeona nini huko? Huniambia habari za geti, bustani, vigae vinavyong'aa, televisheni ya ukutani, feni kila chumba. Wameonyeshwa kitanda atakacholala mama, shuka zimenyooshwa, dirisha linaelekea baharini.

Hizo ni habari za jengo. Mimi nataka habari za mzee wa chumba cha mwisho kwenye korido, aliyepooza, ulimi mzito, asiye na wa kumjia siku ya Jumapili. Yuko vipi huyo? Ngozi yake ikoje? Alikunywa maji saa ngapi? Mzee mwenye kauli hujitetea mwenyewe. Chai ikiwa baridi atasema, akicheleweshewa dawa ataita, akidharauliwa atampigia mwanawe simu. Asiye na kauli anapata kile tu ambacho nyumba inakitoa pasipo kudaiwa. Na mama yenu anayeingia leo kwa miguu yake, akisalimia kila mtu, ipo siku naye atafika kwenye hali ile. Kwa hiyo mkienda kuangalia nyumba, ombeni kwa adabu mumsalimie yule ambaye hawezi kulalamika.

Kabla sijafika mbali, niseme na wale walioinamisha vichwa. Najua hapa ndani kuna watu wanaolemewa na neno hili, nyumba ya wazee. Wanaogopa kuambiwa wamemtupa mama, wanaogopa kukosa radhi zake. Nawaheshimu kwa hofu hiyo kwa sababu inatokana na mapenzi. Lakini nimeingia katika nyumba za watu, Maweni, Barani, Kisumu Ndogo, nikamkuta mzee amelala ndani ya jamaa zake kumi na bado ana kidonda cha kuingiza ngumi. Hawakumchukia. Hawakufundishwa, basi. Na hapa kaunti ya Kilifi tunajua kwamba wapo wazee waliolazimika kukimbia miji yao kwa sababu tu ya mvi na macho mekundu, wakaitwa wachawi, wengine wakauawa, na walionusurika wakapata hifadhi kama ile ya Kaya Godoma kule Ganze. Mzee wa namna hiyo, kulala kwa amani chini ya dari ya wageni ni rehema. Kwa hiyo nitakayoyasema hayahusu nyumba za kulipia peke yake. Yapime pia kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwenu, kwa binti mliyemwajiri amwangalie babu.

Walioshughulika na jambo hili mbele yetu walikuwa wengi. Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, alifundisha kuupima ubora wa huduma kwa sehemu tatu: vitu na watu waliopo, yale wanayoyatenda, na hali anayoishia nayo mgonjwa. Ni mpango mwepesi kuushika. Familia nyingi huishia sehemu ya kwanza, yaani vitanda na majengo, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwa macho ya ugeni. Sehemu ya pili huonekana ukikaa. Ya tatu huonekana ukifunua shuka.

Marekani tangu mwaka 2008 serikali yao huzipa nyumba hizi nyota, kuanzia 1 hadi 5, kila mtu azione. Zinatokana na ukaguzi, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya hali za wazee. Jambo jema. Lakini miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya taarifa hizo, hasa za wafanyakazi, zilitoka kwa nyumba zenyewe, nazo zilijisifu. Ndipo baadaye wakaanza kudaiwa takwimu za mishahara, kwa maana mtu anayelipwa ni mtu aliyekuja kazini. Uingereza wana tume ya ukaguzi tangu 2009, yenye madaraja 4, na wakaguzi wao wana ruhusa ya kuingia bila kubisha hodi ya siku nyingi kabla. Sisi huku Malindi mkaguzi ni wewe, shangazi yako na binamu yako. Basi chukueni somo la wenzetu: cheti cha ukutani kisomwe, lakini nendeni siku msiyotarajiwa.

Sasa nifike kwenye ngozi, na hapa mtanivumilia maana nitakaa.

Mwaka 1859 Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, aliandika kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kulala, kwa kawaida kosa ni la uuguzi, halikutokana na ugonjwa. Wapo wagonjwa wachache, wa siku za mwisho kabisa, ambao ngozi huchoka hata wakitunzwa vizuri, na sitaki mtu amhukumu muuguzi kwa jambo lililokuwa nje ya uwezo wake. Ila kwa wengi kauli ile inasimama mpaka leo. Kidonda cha kulala huanza pale ambapo mfupa unaikandamiza ngozi kwenye godoro kwa muda mrefu, damu ikashindwa kupita, nyama ikafa. Mahali pake panajulikana: kifandugu, yaani mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, na kisogo kwa mzee aliyekonda. Kwa anayevaa mpira wa oksijeni, tazameni na nyuma ya masikio.

Kidonda hiki kina hatua 4. Ya kwanza ngozi haijachanika ila imeanza kubadilika. Ya pili imechubuka au imefanya lengelenge. Ya tatu shimo limefika kwenye mafuta. Ya nne limefika kwenye msuli au mfupa, na harufu yake hujulikana kabla hujafika mlangoni. Hatua ya kwanza hurudi salama ukiiwahi. Ya nne hula miezi, na wengine huwaua kwa sumu kuingia kwenye damu.

Nisikilizeni vizuri hapa. Vitabu vingi tulivyosomea sisi vilisema tutafute wekundu. Wekundu huo ni wa ngozi nyeupe. Kwa mama yangu na mama yako, wekundu hauonekani. Ngozi nyeusi hugeuka ikawa nyeusi zaidi ya pembeni mwake, au ikawa ya zambarau, au ikang'aa kama iliyovimba. Kwa hiyo ukaguzi wetu hufanywa kwa mkono. Weka mgongo wa kiganja juu ya kifandugu, kisha uweke pembeni yake. Pana joto kuliko pembeni, au baridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama tunda lililoiva kupita kiasi? Mzee anakunja uso ukipagusa? Hapo pana kidonda kinachokuja, hata kama macho yanakwambia pako salama. Mwulize muuguzi wa nyumba unayoikagua: "Kwa ngozi zetu hizi, kidonda kinachoanza unakijuaje?" Akikujibu wekundu peke yake, umepata habari muhimu sana.

Na jambo jingine la kwetu. Tunapenda kusinga. Mama akilala muda mrefu tunachukua mafuta ya nazi, tunamkanda, na nia ni njema. Mpake mafuta, ngozi kavu huyahitaji. Lakini pale penye mfupa palipokwisha kugeuka rangi usipakande wala usipasugue, maana nyama iliyo chini imekwisha umia na wewe unaipasua zaidi. Vile vile yale mapete ya mpira ya kukalia, ya duara yenye tundu katikati, tuyaache. Hukaza ngozi ya ukingoni na kuzuia damu isifike katikati.

Mwaka 1962 Doreen Norton, muuguzi wa Uingereza, na wenzake walitoa kipimo cha kumjua mzee aliye hatarini kabla kidonda hakijatokea. Huangaliwa mambo 5: hali ya mwili kwa jumla, hali ya akili, uwezo wa kutembea, uwezo wa kujigeuza, na kama mkojo na choo vinamtoka bila kutaka. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4. Mzee mwenye jumla ya 14 kushuka chini yuko hatarini. Karatasi moja, kalamu moja, dakika chache. Siku hizi vipo vipimo vingine, chochote wanachotumia ni sawa. Ninachotaka mwulize ni hiki: mzee alipimwa siku aliyoingia? Imeandikwa wapi? Alipimwa tena lini? Nyumba isiyopima siku ya kuingia haitajua kama kidonda kilikuja na mzee au kilipatikana pale pale, na ugomvi wa jambo hilo nimeushuhudia, familia inasema hili, nyumba inasema lile, na katikati yao mzee anaoza.

Desturi tuliyofundishwa ni kumgeuza asiyejigeuza kila saa 2. Kwenye godoro zuri wengine huweza kukaa muda zaidi. Aliyekalishwa kwenye kiti anahitaji kusogezwa mapema zaidi ya hapo. Nyumba nyingi zitakwambia, ndiyo, tunageuza kila saa 2. Nataka tupige hesabu pamoja.

Tuseme nyumba ina wazee 10 wasioweza kujigeuza. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 10. Kila mzee ageuzwe mara 5. Hizo ni mara 50 kwa usiku mmoja. Kumgeuza mzee, kumkagua, kumbadilisha daipa, kumfuta na kumkausha, kumwekea mto, kunawa mikono na kwenda kwa mwingine, tukiwa wepesi sana ni dakika 10. Mara 50 kwa dakika 10 ni dakika 500, zaidi ya saa 8. Na mzee mzito hageuzwi na mtu mmoja. Ukimburuta peke yako ngozi inachubuka kwenye shuka. Sasa uliza usiku wapo wangapi. Ukiambiwa yupo mmoja, na yeye ndiye anayefungua geti na kupokea simu, huna haja ya kubishana naye. Hesabu imeshajibu. Daftari likikuonyesha tiki zilizopangana kila saa 2, kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna hata usiku mmoja uliorukwa, ujue limejazwa asubuhi.

Ndiyo maana nawaomba watu waende jioni baada ya isha, au alfajiri kabla zamu hazijapokezana. Mchana kila nyumba ina watu. Usiku ndipo utasikia mzee anaita, na utahesabu mwenyewe inachukua muda gani mpaka mtu aje. Ukikataliwa kuingia usiku kwa sababu wazee wamelala, ni hoja ya haki. Omba basi siku nyingine, saa nyingine, uone kama kila mara ipo sababu.

Niende kwenye maji. Mwili ukizeeka kiu hupungua, mzee anaweza kukauka bila kuomba. Huku kwetu wakati wa kaskazi, joto la mwezi wa pili na wa tatu, mzee hukauka upesi, na dalili ya kwanza mara nyingi ni akili: anaanza kuwaita watu waliokufa zamani, na jamaa wanasema uzee umemzidi. Tazama midomo, tazama ulimi, uliza rangi ya mkojo. Kisha tazama kikombe kiko wapi. Nimeingia vyumba vingi nikakuta kikombe kimejaa maji safi, kimefunikwa vizuri, kimewekwa upande wa mkono uliopooza. Aliyekiweka hakuwa na ubaya. Hakumfikiria tu mtu wa kukinywa. Kosa dogo kama hilo hunieleza habari za nyumba kuliko maelezo ya saa nzima ofisini. Na lipo baya zaidi, nalisema kwa uchungu: pana mahali wazee hunyimwa maji jioni ili daipa zisijae usiku.

Chakula vivyo hivyo. Enda saa ya chakula, usiende baada yake. Mzee wa kiharusi analishwa akiwa amekaa wima, au amelazwa chali na kijiko kinasukumwa? Kulishwa chali ni kupaliwa, na kupaliwa huleta nimonia. Anayemlisha amekaa, anamtazama usoni, anangoja ameze? Au amesimama, simu mkononi? Sahani inayorudi jikoni nusu, nani anaandika kwamba imerudi nusu? Uliza kama wana mizani na kama wanapima uzito kila mwezi. Mzee anayepoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya mwezi, au asilimia 10 ndani ya miezi 6, anahitaji kuangaliwa na daktari. Kwa mama wa kilo 60 hizo ni kilo 3 kwa mwezi. Hata bila mizani utaona, pete inazunguka kidoleni, kanga inajifunga mara mbili zaidi. Mzee aliyezoea wali wa nazi na samaki akipewa uji asubuhi, mchana na jioni, atakonda hata kama uji ni mwingi.

Dawa sitazisema sana. Takeni kuona karatasi ya dawa ya mzee wenu, yenye jina la dawa, kiasi, saa na sahihi ya aliyetoa. Ulizeni dawa hukaa wapi, insulini ina friji, na umeme ukipotea wanafanyaje. Muuguzi mkuu awe amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Kumwuliza leseni yake si matusi, mimi nimeulizwa na nikaitoa.

Ila kuna dawa za aina moja lazima nizitaje: za kumlaza. Mzee mwenye ugonjwa wa usahaulifu hutembea usiku, hupiga kelele, hutaka kwenda kwao alikozaliwa. Kumtuliza kunahitaji mtu wa kutembea naye. Pasipokuwa na mtu, hupewa kidonge, au hufungwa kwa kipande cha leso kwenye kiti. Marekani sheria yao ya 1987 iliwapa wakaaji wa nyumba hizi haki ya kutofungwa, kwa kamba wala kwa dawa, kwa ajili ya adhabu au kwa ajili ya kumrahisishia mfanyakazi kazi. Nyumba ikikwambia kwa fahari kwamba hapa hajaanguka mtu hata mmoja, furahi, kisha utazame vizuri. Wazee wanaotembea huanguka mara moja moja. Pasipoanguka mtu kabisa, angalia kama wapo wanaotembea. Mzee aliyefungwa misuli yake hunyauka, vidonda humpata, na akifunguliwa huanguka vibaya zaidi. Nyumba njema hukueleza: fulani alianguka Jumanne bafuni, tukapima, tukaita jamaa, tukaweka mpini wa kushikilia. Hiyo nyumba naiamini.

Na mzee ni mtu mwenye miaka yake nyuma yake. Alikuwa fundi wa majahazi, alikuwa mwalimu, alikuwa mkunga wa nusu ya mtaa. Sikilizeni anavyoitwa. Anaitwa Bi fulani, Mzee fulani, au anaitwa "wewe" na "kitanda cha tatu"? Mlango unafungwa anapooshwa? Mama aliyejisitiri maisha yake yote ataoshwa na mwanamke, au na yeyote aliye zamu? Ushungi wake uko karibu na mkono? Mwislamu aliyeshindwa kusimama anasaidiwa kutayamamu na kuelekezwa kibla? Mkristo anapelekewa padri au mchungaji wake? Mwezi wa Ramadhani, mgonjwa wa kisukari anayelia kwamba anataka kufunga, nani hukaa naye kumweleza kwa upole? Ugonjwa wa usahaulifu mara nyingi huondoa lugha alizojifunza ukubwani na kumwachia ile ya utotoni. Mgiriama atarudi kwenye Kigiriama, Mbajuni kwenye Kibajuni. Kama hakuna hata mfanyakazi mmoja anayemwelewa, mzee huyo ataonekana mkorofi, kumbe anaomba kupelekwa chooni.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na staha, kutodhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa dola. Tazameni ilivyopangwa: jamaa na dola, wote wawili. Kulipa ada hakumwondoi mtoto ndani ya kifungu hicho.

Hapo nawageukia ndugu zangu mlio na jamaa Dubai, Saudia, Ulaya. Fedha mnazotuma zinaokoa maisha, Mungu awajaze. Lakini simu ya video huonyesha uso. Visigino haionyeshi. Mzee ataoshwa, atavalishwa kanzu, atakalishwa kwenye mwanga, atatabasamu kwa kuwa amemwona mwanawe. Mtafute jamaa mmoja aliye hapa Malindi, mkamlipe nauli, awe anaingia kwa zamu siku tofauti tofauti, na awe na ruhusa yenu ya maandishi ya kufunua shuka. Msiende wote siku ya Idi na siku ya Krismasi kisha mkapotea. Mzee anayetembelewa hutazamwa vizuri zaidi. Si haki kwa wasio na wageni, lakini ndivyo wanadamu tulivyo, na ukimaliza kumwona mamako, ingia na chumba cha jirani.

Fedha za mzee mwenyewe pia mzifuatilie. Aliyetimiza miaka 70 na kusajiliwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Kitambulisho chake kiko kwa nani? Nani anazitoa? Zinaandikwa? Na mkataba wa nyumba usomeni wote, hasa sehemu ya vitu vya ziada: daipa, dawa za kidonda, usafiri wa hospitali. Nimeona familia ikilipa ada ndogo na kutozwa mara mbili yake kwa ziada.

Neno la wafanyakazi. Wengi ni mabinti na vijana wetu, wanainua watu wazima kwa migongo yao, usiku kucha, kwa mshahara ambao wakati mwingine unachelewa. Waulizeni, kwa faragha na kwa heshima, wana muda gani pale, wenzao wangapi wameondoka mwaka huu, walifundishwa na nani, glavu zipo, sabuni ipo. Nyumba ambayo watu hubadilika kila mwezi haiwezi kumjua mzee. Kila anayeingia anaanza upya kujifunza kwamba Bi fulani hanywi chai ya maziwa. Ukikuta kosa, usimfokee binti wa zamu. Yeye ndiye atakayebaki na mamako ukishaondoka. Msemeshe msimamizi.

Na msimamizi umwambie hivi: tarehe fulani, saa fulani, nilikuta jambo hili. Iandike. Piga picha ya kidonda kwa ruhusa ya mzee au ya mwenye dhamana yake, ukiweka tarehe. Sikiliza jinsi anavyojibu. Anayesema "nionyeshe", akanyanyuka kwenda nawe chumbani, mpe muda na umfuatilie. Anayeanza kwa kukuuliza nani amekuambia, anza kutafuta mahali pengine. Likiwa ni jambo la kupigwa, kuibiwa au kunyimwa chakula, usingoje kikao cha ukoo: afisa wa ustawi wa jamii wa serikali yuko, polisi wapo, na hospitali ndiyo itakayoandika majeraha. Aibu ya familia isimfunge mzee mdomo mara ya pili.

Wapo watakaotoka hapa wakiwa hawana chaguo la nyumba kumi. Labda ipo moja, au hakuna, na kuna chumba cha nyuma. Kwa hao ndiyo sababu nimeomba kiletwe hiki kitanda mnachokiona mbele. Kijana mmoja amekubali kulala juu yake awe mgonjwa wetu. Nitawaonyesha kumgeuza kwa shuka, watu wawili, bila kumburuta, na kumwegemeza kwa mwinamo wa nyuzi 30 tu kwa mto mmoja mgongoni, asilalie nyonga moja kwa moja, na mto mwingine chini ya miguu ili visigino vielee visiguse godoro. Kila mtu atajaribu kwa mikono yake, wanaume pia, maana wagonjwa wa kiume wapo na migongo ya wake zenu imechoka. Walio na mzee amelala nyumbani sasa hivi waje wa kwanza, wengine tupange mstari upande wa dirishani. Kina mama, vueni pete na bangili. Maji na sabuni viko pale mlangoni.